Hesabu ya Siku Zote: Maneno Juu ya Besiboli, Lawama na Tuzo

Katika nchi ya Marekani, kila ufikapo mwezi wa Septemba, watu hubishana juu ya mambo mawili. La kwanza, ni timu zipi za besiboli zitakazoingia katika mashindano ya mwisho, na zipi zitakazofunga mizigo na kurudi kwao. La pili, ni mchezaji yupi astahiliye tuzo ya mwaka. Mabishano haya huwa makali sana. Ndugu hununiana mezani, watu huacha kazi zao wakahesabu kwa vidole, na wazee hukumbushana mambo ya miaka hamsini iliyopita kana kwamba yalitokea jana.

Mtu atazamaye kwa mbali aweza kusema, "Huu ni mchezo tu, una faida gani kwetu sisi wenye majembe?" Lakini sisi tuonavyo, ndani ya mabishano hayo mna swali lililo kubwa kuliko mchezo wenyewe, nalo ni hili: Kazi ikiwa ni ya watu wengi na ya siku nyingi, heshima apewe nani, na lawama abebeshwe nani? Hakuna kijiji kisichokuwa na swali hilo. Basi, wasomaji wapendwa, twaomba mtuvumilie kidogo, tulitazame katika mambo ya watu wa mbali.

Yafaa kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa maneno machache. Timu mbili za watu tisa tisa hupokezana zamu za kupiga. Mtupaji wa timu moja hurusha mpira mdogo ulio mgumu. Mpigaji wa timu ya pili, ameshika gongo la mti, hujaribu kuupiga. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, ambaye kazi yake ni kuudaka mpira usiopigwa. Mpigaji akifaulu hukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Naye akirudi salama pale alipoanzia, timu yake hupata bao. Akiupiga mpira hata ukavuka ua wa uwanja, huvizunguka vituo vyote bila kuzuiwa na mtu. Kila timu hupata zamu tisa, na yenye mabao mengi ndiyo mshindi.

Jambo la kustaajabisha ni wingi wa michezo. Ligi kubwa ni mbili, kila moja ina timu 15, na kila timu hucheza mara 162, tangu mwisho wa Machi hata mwisho wa Septemba. Yaani hucheza karibu kila siku. Hata timu iliyo bora kupita zote mara nyingi hushindwa mara 60 hivi kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo mtu wa besiboli hawezi kuringa sana leo, maana kesho yaja, wala hawezi kulia sana, kwa sababu hiyo hiyo. Tangu mwaka wa 2022, timu sita za kila ligi huingia katika mashindano ya mwisho: tatu zilizo za kwanza katika makundi yao, na tatu nyingine zilizozidi wenzao kwa idadi ya ushindi. Zamani mlango ulikuwa mwembamba zaidi: mpaka mwaka wa 1968, timu moja tu ya kila ligi ndiyo iliyokwenda, nazo zilikutana mara moja katika fainali kuu.

Sasa, hapa ndipo penye fundisho la kwanza. Katika jedwali la ligi, mchezo wa mwezi wa Aprili, unaochezwa katika baridi huku watazamaji ni wachache, una uzito ule ule wa mchezo wa siku ya mwisho, ambao taifa zima laukodolea macho. Ushindi ni mmoja, na kushindwa ni kumoja. Jedwali halina kumbukumbu ya kelele. Lakini mwanadamu anayo, naye huikumbuka Septemba akaisahau Aprili. Kutoka hapo ndipo zatoka dhuluma nyingi, katika kulaumu na katika kusifu.

Tuutazame mwaka wa 2025. Timu ya Cleveland ilishindwa mara kumi mfululizo, na katika siku za kwanza za Julai ilikuwa nyuma ya Detroit kwa michezo 15 na nusu. (Nusu hii hutokea pale timu moja ikiwa imecheza mara moja zaidi ya mwenzake.) Hakuna timu iliyopata kuziba pengo kubwa kama hilo tangu ligi hizo zianze. Lakini Cleveland walishinda leo, wakashinda kesho, na Detroit wakashindwa hapa na pale, mpaka mwisho wa Septemba Cleveland wakawa wa kwanza: ushindi 88 kwa 87. Wahenga walisema, "Bandu bandu huisha gogo." Gogo la Detroit liliisha hivyo, wala hapakuwa na pigo moja la shoka ambalo mtu angeweza kulionyesha akasema, "Hili ndilo lililolikata." Tena, ili mtu asiwacheke Detroit upesi, sharti tuseme ya kuwa nao waliingia kwa mlango wa pili, wakakutana na Cleveland wale wale, wakawatoa.

Mwaka ule ule timu ya New York iitwayo Mets ilipatwa na neno la namna nyingine. Mwezi wa Juni, tarehe 12, walikuwa wameshinda mara 45 na kushindwa mara 24. Hapakuwa na timu iliyowapita katika ligi zote mbili. Siku ya mwisho, tarehe 28 Septemba, walikuwa na ushindi 83 na kushindwa 79, sawasawa na Cincinnati. Siku hiyo Cincinnati walishindwa, na Mets wakishinda wangeingia. Nao Mets wakashindwa vile vile. Kwa kuwa Cincinnati walikuwa wamewazidi Mets katika michezo yao wenyewe kwa wenyewe, nafasi ilikuwa ya Cincinnati. Mashabiki wa Mets waliulalamikia mchezo ule wa mwisho kwa uchungu. Lakini tufanye hesabu: ushindi mmoja zaidi, wa siku yoyote katika zile 162, ungaliwatosha. Aliyezembea siku ya Jumanne moja ya mwezi wa Mei alikuwa na sehemu katika msiba huo, ila jina lake hakuna alikumbukaye.

Hapo hatujaona dhuluma kubwa, maana lawama iligawanywa kwa timu nzima. Tunataka sasa kuwasimulia habari ya kijana mmoja aliyebebeshwa lawama peke yake, nayo ni ya mwaka wa 1908.

Kijana huyo aliitwa Fred Merkle, mwenye umri wa miaka 19, wa timu ya New York Giants. Tarehe 23 Septemba walicheza na Chicago Cubs, na timu hizo mbili, pamoja na Pittsburgh, zilikuwa zikikimbizana bega kwa bega. Merkle hakuwa mchezaji wa kila siku. Aliwekwa siku hiyo kwa sababu mwenye nafasi hakuweza kucheza. Zamu ya mwisho ilifika, mabao ni moja kwa moja. Mwenzake Merkle alikuwa katika kituo cha tatu, na Merkle mwenyewe katika cha kwanza. Mpigaji akaupiga mpira vizuri, yule wa kituo cha tatu akaja nyumbani, na watu wote wakajua ya kuwa New York wameshinda. Watazamaji wakamiminika uwanjani kwa shangwe. Merkle, aliyekuwa njiani kwenda kituo cha pili, alipoona umati ule aligeuka akakimbilia chumba cha wachezaji, wala hakukanyaga kituo.

Kwa sheria iliyoandikwa, bao halikuwa bao mpaka Merkle akikanyage kituo cha pili. Kwa desturi ya siku zile, wachezaji wengi walikuwa wakigeuka vivyo hivyo, na waamuzi hawakusema neno. Lakini Johnny Evers wa Chicago aliijua sheria. Wiki tatu zilizokuwa zimepita, tarehe 4 Septemba, alikuwa amedai haki hiyo hiyo mbele ya mwamuzi huyo huyo, Hank O'Day, akanyimwa. Safari hii alitafuta mpira, akausimamisha katika kituo cha pili, akadai tena. Na O'Day akahukumu ya kuwa Merkle ametoka, bao halihesabiwi. Ikawa sare. Ligi zilipokwisha, timu mbili hizo zilikuwa sawa, ikabidi mchezo ule urudiwe tarehe 8 Oktoba. Chicago wakashinda, mabao 4 kwa 2, wakaenda fainali, wakatwaa ubingwa.

Basi mji mzima ukamgeukia Merkle. Magazeti yakampa jina la dhihaka, ambalo maana yake ni kichwa kilicho mfupa mtupu. Alicheza miaka mingi baada ya hapo, naye alikuwa mchezaji hodari, lakini jina lile lilimfuata mpaka kufa kwake mwaka wa 1956.

Je, ilikuwa haki? "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Mwisho wa mwaka ule, Chicago walikuwa na ushindi 99, New York 98, na Pittsburgh 98. New York walikuwa wameshindwa mara 56. Baada ya siku ile ya Merkle, mtupaji mmoja mgeni wa Philadelphia, jina lake Harry Coveleski, aliwashinda New York mara tatu katika muda wa siku tano. Kama wangalishinda mmoja tu katika michezo mitatu ile, kusingalikuwa na haja ya kurudia mchezo wowote, na jina la Merkle lisingalijulikana. Nani aliyewalaumu wapigaji walioshindwa kumpiga Coveleski? Hakuna. Ilikuwa rahisi zaidi kumshika kijana mmoja, maana kosa lake lilionekana na watu wote kwa siku moja, na makosa ya wengine yalitawanyika katika miezi sita. Kiongozi wa timu, John McGraw, aliyekuwa mtu mkali, hakumlaumu. Alimweka katika timu mpaka mwaka wa 1916. Yeye aliyewaona kila siku alijua kuhesabu siku zote.

Neno kama hilo lilitokea tena katika mji huo huo mwaka wa 1951. Tarehe 11 Agosti, Giants walikuwa nyuma ya Brooklyn Dodgers kwa michezo 13 na nusu. Kisha wakashinda michezo 37 katika 44 iliyobaki. Brooklyn wangekwisha siku ya mwisho, kama Jackie Robinson asingalipiga mpira ukavuka ua katika zamu ya 14 kule Philadelphia. Zikawa sawa, ushindi 96 kila moja, zikapewa michezo mitatu ya kuamua. Katika mchezo wa tatu, tarehe 3 Oktoba, Brooklyn walikuwa wakiongoza mpaka zamu ya tisa. Ndipo Ralph Branca akautupa mpira, na Bobby Thomson akaupiga ukavuka ua, mabao 5 kwa 4. Branca alibeba lawama hiyo nusu ya karne. Mwaka wa 2001 ikafunuliwa ya kuwa Giants, kwa muda mrefu wa msimu ule, walikuwa wamemweka mtu na darubini katika chumba chao nyuma ya uwanja, azisome ishara za siri za mdakaji wa wageni. Thomson alikana kwamba alipewa ishara kwa mpira ule. Hata hivyo watu walianza kuitazama lawama ya Branca kwa macho mengine, yeye akiwa mzee wa miaka sabini na kitu.

Hayo ni ya lawama. Tugeukie sasa tuzo, ambayo ni upande wa pili wa jambo lile lile. Maana kama tulivyo wepesi kumtwika mmoja aibu ya wengi, ndivyo tulivyo wepesi kumvika mmoja taji la wengi.

Tuzo kubwa ni ile ya Mchezaji wa Thamani Kuu. Tangu mwaka wa 1931 hutolewa na chama cha waandishi wa habari za besiboli, tuzo moja kwa kila ligi. Siku hizi waandishi 30 hupiga kura katika kila ligi, wawili kwa kila timu. Kila mmoja huandika majina kumi kwa utaratibu. Wa kwanza hupata alama 14, wa pili 9, wa tatu 8, na kuendelea mpaka wa kumi apataye 1. Kura zote hupigwa kabla ya mashindano ya mwisho kuanza, ili fahari ya siku chache za Oktoba isiwapofushe. Tena maagizo wapewayo hayafasili neno "thamani." Huambiwa watazame nguvu za mchezaji katika kupiga na kuzuia, na idadi ya michezo aliyocheza, na tabia yake, na uaminifu wake, na bidii yake; huambiwa pia ya kuwa si lazima atoke katika timu iliyoshinda. Yaliyobaki huachiwa dhamiri ya kila mmoja. Neno moja lisilofasiliwa limezaa mabishano ya karibu miaka mia.

Aliyeonja uchungu wa neno hilo kuliko wote ni Ted Williams wa Boston. Mwaka wa 1941, asubuhi ya siku ya mwisho, wastani wake ulikuwa chini kidogo sana ya mapigo 400 katika nafasi 1000, nao kwa desturi ya hesabu ungeandikwa kuwa 400 kamili. Kiongozi wake alimwambia, akipenda, akae chini asicheze, ili asiupoteze. Williams alikataa. Michezo ilikuwa miwili siku ile, akacheza yote, akafaulu mara 6 katika 8, akamaliza na 406. Tangu siku hiyo mpaka leo tunapoandika, hakuna mtu katika ligi zile mbili aliyefikia 400. Hata hivyo tuzo ya mwaka ule alipewa Joe DiMaggio wa New York Yankees, aliyepiga katika michezo 56 mfululizo, na ambaye timu yake ilishinda ligi.

Mwaka uliofuata, Williams alikuwa wa kwanza katika ligi yake kwa wastani, kwa mapigo ya kuvuka ua, na kwa mabao aliyoyaleta, yote matatu. Tuzo alipewa Joe Gordon wa Yankees. Mwaka wa 1947 akawa wa kwanza tena kwa yote matatu, na tuzo alipewa DiMaggio, alama 202 kwa 201. Alama moja! Williams aligombana na waandishi wa Boston miaka mingi, wala hawakumpenda. Kwa miaka yote mitatu Yankees walikuwa washindi wa ligi. Wapiga kura wengi walifikiri hivi: thamani ni ya yule aliyeifikisha timu mwisho. Twaelewa fikira hiyo. Lakini twauliza, je, mtupaji dhaifu wa Boston akishindwa, ni deni la Williams? Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi hatukilaumu kidole kwa kuwa kimoja.

Swali hilo liliamka tena mwaka wa 2012, nalo lilikuwa na sura mpya. Miguel Cabrera, mzaliwa wa Venezuela, mchezaji wa Detroit, alikuwa wa kwanza kwa yote matatu: wastani wa 330 katika 1000, mapigo 44 ya kuvuka ua, na mabao 139 aliyoyaleta. Jambo hilo halikuwa limeonekana tangu mwaka wa 1967. Mshindani wake alikuwa Mike Trout wa Los Angeles Angels, kijana aliyetimiza miaka 21 katikati ya msimu. Alikuwa na wastani wa 326 na mapigo 30 ya kuvuka ua. Lakini tena alikuwa mwepesi wa mbio, akajinyakulia vituo 49 kabla watupaji hawajatambua, naye alilinda sehemu kubwa ya uwanja kwa ustadi kuliko Cabrera.

Wapenzi wa mchezo wakagawanyika. Wazee wengi walishika mambo matatu ya Cabrera, wakasema ya kuwa aliifikisha timu yake katika mashindano ya mwisho. Vijana wengi walileta hesabu mpya, ambayo hujumlisha kupiga, kukimbia na kuzuia, kisha huuliza: Kama mtu huyu angeondolewa, akawekwa mchezaji wa kawaida wa akiba, timu ingepoteza ushindi mara ngapi? Kwa hesabu hiyo Trout alimpita Cabrera kwa mbali. Waandishi walimpa Cabrera kura za kwanza 22, na Trout 6.

Sisi hatutaki kumvua Cabrera taji lake. Lakini tazameni neno hili. Detroit walioingia walikuwa na ushindi 88. Angels walioachwa nje walikuwa na ushindi 89, ila walikuwa katika kundi gumu zaidi. Tena Trout aliitwa katika timu tarehe 28 Aprili, na Angels walikuwa wameshinda mara 6 na kushindwa mara 14. Tangu alipokuja walishinda mara 83 na kushindwa mara 59. Basi kama ni kweli ya kuwa thamani hupimwa kwa ushindi wa timu, ni mwezi gani tuanzie kuhesabu? Aliyetazama Septemba peke yake alimwona Cabrera akishangilia. Aliyetazama tangu Aprili aliona neno jingine.

Mwaka wa 2025 mabishano yalirudi, safari hii baina ya Aaron Judge wa Yankees na Cal Raleigh wa Seattle. Judge aliongoza ligi kwa wastani wa 331, na mapigo yake ya kuvuka ua yalikuwa 53. Raleigh alikuwa na mapigo 60, naye ni mdakaji. Kabla yake hakuna mdakaji aliyepita 48 kwa mwaka mmoja. Yafaa msomaji afikiri kazi ya mdakaji ni nini: kuchuchumaa na kuinuka mara mia na zaidi kila mchezo, kupigwa na mipira vidoleni na magotini, na kumwongoza mtupaji kwa ishara. Kazi hiyo ya kumwongoza mwenzake haiingii vizuri katika hesabu yoyote. Tena Seattle walikuwa wa kwanza katika kundi lao, jambo walilolikosa tangu mwaka wa 2001. Kura zilikuwa 17 kwa Judge na 13 kwa Raleigh. Twaona ya kuwa pande zote mbili zilikuwa na haki ya kusema, na kwamba kura za karibu namna hiyo ni sifa kwa aliyeshinda na kwa aliyeshindwa.

Lakini liko neno zito zaidi, nasi hatuwezi kulipita tukiwa Waafrika. Kuna watu ambao hesabu haikuwakosea kwa alama moja, bali haikuwahesabu kabisa. Mpaka tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia Brooklyn, ligi kubwa za karne ile ziliwafungia nje wachezaji weusi. Walicheza katika ligi zao wenyewe, na sifa zao zilibaki midomoni mwa watu wao. Mkuu wa besiboli tangu mwaka wa 1920 mpaka alipokufa mwaka wa 1944 aliitwa Kenesaw Mountain Landis, na katika siku zake zote mlango ule haukufunguliwa. Hata hivyo jina lake liliandikwa juu ya ile Tuzo ya Thamani Kuu, na Robinson mwenyewe, aliyeipata mwaka wa 1949 wa kwanza katika watu weusi, aliipokea ikiwa na jina hilo. Mwaka wa 2020, baada ya baadhi ya waliopata kupewa tuzo hiyo kusema wazi ya kuwa haifai, waandishi walipiga kura wakaliondoa.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2024, wakuu wa besiboli walizitia hesabu za ligi za watu weusi katika kitabu kikuu. Ndipo Josh Gibson, mdakaji aliyekufa Januari 1947, miezi mitatu tu kabla ya Robinson kuingia, akawa wa kwanza katika wapigaji wote kwa wastani wa maisha: 372 katika 1000, mbele ya Ty Cobb mwenye 367. Wako waliosema ya kuwa ligi zile zilikuwa na michezo michache, haziwezi kulinganishwa. Hoja hiyo yafaa kujibiwa kwa adabu. Lakini ni heri kubishana juu ya mtu aliyeandikwa kitabuni kuliko kukubaliana juu ya kitabu kilichomwacha nje.

Basi tuseme nini? Wengine husema mabishano ya namna hii ni upuzi, yakomeshwe. Sisi hatusemi hivyo. Mabishano ya haki yamesafisha mambo mengi: yalimsaidia Merkle kupata watetezi, yaliwafundisha watu kutazama zaidi ya mambo matatu, yaliliondoa jina lisilostahili, yakamweka Gibson mahali pake. Ubaya haumo katika kubishana. Umo katika kubishana kwa kumbukumbu ya wiki moja.

Sisi walimu twalijua jambo hili kwa kazi yetu. Mwisho wa mwaka zawadi ni moja, na watoto ni wengi. Yuko aliyeng'aa katika mtihani wa mwisho, na yuko aliyekuja kila siku, mvua na jua, akamsaidia mwenzake kusoma wakati hakuna aliyemtazama. Mwalimu asiyeweka daftari lake tangu siku ya kwanza atampa zawadi yule aliyemwona jana. Na katika vijiji vyetu ni vivyo hivyo. Mavuno yakiwa mabaya, hutafutwa mtu mmoja wa kulaumiwa. Chama cha ushirika kikianguka, hutajwa mweka hazina wa mwisho peke yake. Daraja likijengwa, husifiwa aliyekata utepe. Waliobeba mawe hawatajwi.

Kwa hiyo twatoa shauri hili kwa kila apewaye kazi ya kuhukumu, awe mzee wa baraza, au mwalimu, au baba katika nyumba yake. Kabla hujamtwika mtu lawama, uliza: Siku nyingine zilikwendaje, na wengine walifanya nini? Kabla hujamvika mtu taji, uliza vivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, nao waliotia haba ya kwanza wana haki sawa na aliyetia ya mwisho. Kisha, ukiisha kuhesabu yote, mwenzako naye akahesabu yote, na bado hamkupatana, peaneni mikono mwende zenu. Hata waandishi wale 30, wenye daftari zote mbele yao, walitengana 17 kwa 13.